Kiarabu cha Kakuma na Kiarabu Kilichomo katika Kiswahili

Tarehe 18 Desemba, 1973, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikiingiza Kiarabu katika orodha ya lugha zake rasmi, na siku hiyo sasa huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya lugha hiyo. Sifa zake zajulikana: Kurani, elimu ya nyota na ya hesabu, ushairi, na wingi wa wasemaji kutoka Moroko hadi Ghuba. Sisi wa Kiswahili huongeza fungu letu, yaani maneno yaliyotufikia kwa njia ya bahari. Makala haya yanatazama njia nyingine, isiyopita baharini, ambayo kwa maoni yangu imedharauliwa bila sababu.

Mjini Lodwar, Kiarabu kinachosikika zaidi ni kile kilichokwisha kuingia katika Kiswahili cha dukani na ofisini: saa, soko, hesabu, kitabu. Ukisafiri kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi wafika Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan. Hapo husikika Kiarabu kingine, cha Juba. Hiki kilizaliwa katika karne ya 19, katika kambi za askari na za wafanyabiashara wa pembe na watumwa kusini mwa Sudan, ambako watu wa lugha nyingi walilazimika kusemezana. Ndugu yake ni Kinubi, kinachozungumzwa Kibera kwa zaidi ya miaka mia moja. Yafaa kukumbuka pia kwamba wengi wa wasemaji wa Kiarabu cha Juba ni Wakristo, na lugha hiyo husikika makanisani mwao.

Wapo wanaokiita Kiarabu kilichoharibika. Hukumu hiyo haina msingi. Kiarabu sanifu hunyambua kitenzi kwa nafsi, idadi na jinsia. Cha Juba hukiacha kitenzi kama kilivyo, kikatanguliza kiambishi cha wakati: ana rua, nilikwenda. Ana gi rua, ninakwenda. Ana bi rua, nitakwenda. Huo ni mfumo kamili, na mwenye -na- na -ta- katika lugha yake hana haki ya kuushangaa.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, sauti ndizo zenye matatizo. Kh ya Kiarabu kwetu imekuwa h, na Juba imekuwa k: sisi twasema hamsini, wao kamsin. Q kwetu imekuwa k, lakini Sudan hutamkwa g. Hivyo qalam, ambayo ni kalamu yetu, kwa Msudani ni galam. Na kalam aijuayo yeye ni maneno au jambo, nalo ni neno la asili nyingine kabisa. Mtoto wa Kakuma, anayesoma kwa mtalaa wa Kenya, akiambiwa alete kalamu, yawezekana akadhani anatakiwa aseme. Mwalimu asiyejua asili ya kosa hilo atamhesabu kuwa mzito wa kufahamu, ilhali mtoto ametumia Kiarabu chake barabara.

Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na wanafunzi wa namna hii wataongezeka. Orodha ya maneno yanayolingana na yanayopotosha baina ya lugha hizi mbili yahitajika sasa. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kiko Lodwar, karibu na wasemaji kuliko idara zetu nyingi, na kazi hiyo ingeweza kuanzia hapo.