Ardhi Wazi si Ardhi Tupu

Nikiwa mwalimu wa isimu, naona kuna maneno mawili ambayo sisi wakazi wa Ruiru hatuna budi kuyatenganisha: wazi na tupu. Ardhi wazi ni ile isiyojengwa. Ardhi tupu ni ile isiyo na kitu wala faida. Katika mji huu, ambako mashamba ya kahawa yamekatwakatwa yakawa ploti, maneno hayo yamefanywa pacha. Pakionekana nyasi zisizo na ukuta, huulizwa papo hapo: panauzwa bei gani?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 mjini Ruiru. Wapo watakaosema kwamba umati huo unahitaji nyumba kwanza. Ni kweli, walakini aliyepangishwa chumba kimoja ndiye mhitaji mkuu wa bustani, kwa kuwa watoto wake hawana ua wa kuchezea.

Tuzingatie yaliyotukia Nairobi, mwendo mfupi kwa matatu. Bustani ya Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, ikiwa na ziwa dogo la mashua na nyasi za kujinyoosha. Mwaka 1989 wakubwa wa chama tawala, KANU, walikusudia kusimamisha humo jumba la orofa 60. Machoni mwao palikuwa tupu. Profesa Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua. Akakejeliwa Bungeni, asinyamaze. Wafadhili wa ng'ambo wakarudi nyuma, na jumba halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula pembeni mwa bustani iyo hiyo, wakidai wana wao. Tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ikazinduliwa humo. Je, mahali palipobeba mambo hayo yote palikuwa tupu?

Hata majirani zetu wa Thika wanayo Mugumo Gardens, kumbukumbu ya mti ambao, kwa utabiri wa Mugo wa Kibiru, kuanguka kwake kungeashiria mwisho wa ukoloni.

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Kiambu itangaze orodha ya viwanja vyote vya umma vilivyosalia Ruiru, iviwekee mipaka, na ivipatie hatimiliki kwa jina la umma. Tukichelewa, mnunuzi atatutangulia kuvipa jina.