USALAMA NA AFYA: Dawa ya miguu isiyotulia ikizidisha ugonjwa



Kuna ugonjwa unaoshika miguu wakati mtu ameketi au amelala. Ndani ya miguu anasikia kama wadudu wanatambaa. Akisimama na kutembea, anapata nafuu. Akirudi kitandani, yanaanza tena. Si ulozi, wala si uchovu wa kazi tu. Munganga Ekbom wa Uswidi aliueleza vizuri mwaka 1945.

Wagonjwa wengine hupewa pramipeksoli, ropiniroli au levodopa. Dawa hizi zinasaidia kazi ya dopamini, kitu ambacho ubongo hutumia kuongoza mwendo wa mwili. Mwanzoni zinatuliza sana. Lakini baada ya miezi au miaka, dawa ile ile inaweza kuuongeza ugonjwa. Angalieni ishara hizi:

1. Zamani miguu ilisumbua saa nne za usiku. Sasa inaanza saa kumi za alasiri, au mapema zaidi.
2. Ukiketi kidogo tu, katika basi au kanisani, inaanza mara moja.
3. Maumivu yanapanda hadi mikononi.
4. Kidonge kinatuliza kwa muda mfupi kuliko zamani.

Hapa ndipo wengi wanapotegwa. Mtu anasema: "Ugonjwa umepata nguvu, niongeze kidonge." Anakwenda famasi ya njiani, hapa Kampemba zipo nyingi, ananunua bila karatasi ya munganga. Kidonge cha pili kinamsaidia kwa muda, kisha ugonjwa unarudi na nguvu zaidi. Anaongeza cha tatu. Ni kuzima moto kwa petroli.

Ufanye nini?

Usiongeze dawa. Usiiache ghafla pia, maana siku za kwanza bila dawa zinaweza kuwa mbaya sana. Njoo dispanseri na vidonge vyako vyote, useme saa ambayo miguu ilikuwa inaanza zamani na saa inayoanza leo. Munganga ataipunguza polepole au ataibadilisha. Mwaka 2025 waganga wa usingizi wa Marekani walishauri dawa hizi zisiwe tena za kawaida kwa ugonjwa huu.

Omba pia damu ipimwe chuma. Minyoo ya tumbo, mimba na hedhi nyingi hupunguza chuma, na miguu inazidi kusumbua. Lakini usinywe chuma bila kupimwa, hasa mwenye damu ya SS. Phenergan, Primperan na pombe vinaweza kuamsha ugonjwa.

Wewe unayeendesha mashine, jihadhari: dawa hizi zinaweza kuleta usingizi wa ghafla. Mwambie mkubwa wako wa kazi kabla ya kupanda.

Nawe mama, ukiona mume anayekunywa dawa hizi ameanza kucheza pari hata mshahara unaisha, usimgombeze tu. Inaweza kuwa ni dawa inayomsukuma. Mlete kwa munganga upesi.