Kanda za Video za Nyumbani: Kuhamisha Kwanza, Kuhariri Baadaye

Na Mwandishi Wetu, Songea

Kanda za video za harusi, kipaimara, mahafali na misiba bado zimehifadhiwa katika nyumba nyingi za Manispaa ya Songea, mara nyingi juu ya kabati, kando ya deki ambayo haijawashwa kwa miaka mingi. Wenye kanda hizo wanapoamua kuzihamishia kwenye diski, swali la kwanza huwa ni programu ipi ya kuhariri iliyo bora. Swali hilo ni la msingi, ila lina nafasi yake baadaye. Kinachopaswa kutangulia ni kuutoa mkanda picha zake wakati bado unachezeka.

Umuhimu wa kanda hizi unavuka mipaka ya familia. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vilipoanza kurusha matangazo. Kwa miaka iliyotangulia, na kwa mikoa ya pembezoni hata baada ya hapo, aliyerekodi maisha ya watu alikuwa mpiga picha wa kukodi au ndugu mwenye kamera. Mkanda wa harusi ambamo wazee wanacheza Lizombe, au wa kumbukizi ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa Songea Februari 27, 1906, unaweza kuwa ndio picha pekee zinazotembea za siku hiyo. Ukiharibika, hakuna ofisi itakayotoa nakala nyingine.

Nao unaharibika. Mkanda wa VHS ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku zilizoshikizwa kwa gundi. Gundi hiyo hunyonya unyevu, na nguvu ya sumaku hupungua kadiri miaka inavyopita. Kwa mji kama Songea, ambao mvua zake huendelea kwa miezi mingi hadi Aprili, ukungu ni adui wa pili. Adui wa tatu ni uhaba wa deki: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kuzitengeneza, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, ilitoa tahadhari kwamba baada ya mwaka 2025 kucheza kanda za sumaku kungekuwa kugumu mno kwa sababu ya ukosefu wa mashine na vipuri. Muda huo umekwishafika.

Kabla ya kuucheza mkanda, mwananchi autazame kupitia kidirisha chake. Ukionekana unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Usiingizwe kwenye deki, kwani utachafua vichwa vyake na kuambukiza kanda zinazofuata. Mkanda wa namna hiyo apewe fundi anayeweza kuufungua na kuusafisha. Mkanda ulio safi uzungushwe hadi mwisho na kurudishwa mwanzo mara moja, na kile kibonye cha plastiki kilicho mgongoni kivunjwe ili usifutike kwa bahati mbaya. Jambo jingine ni mfumo wa picha. Kanda zilizorekodiwa nchini ni za PAL, zenye picha 25 kwa sekunde. Zile zilizotumwa na ndugu walioko Marekani ni za NTSC, na deki ya PAL pekee huzionesha zikirukaruka au bila rangi. Ubovu huo si wa mkanda.

Kuhamisha kunahitaji deki, nyaya zake za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu, kifaa kidogo cha kunasia picha kinachochomekwa kwenye tundu la USB, na programu ya kurekodi. OBS Studio hupatikana bure na inatosha. Kazi hii haina njia ya mkato: mkanda wa saa tatu huhamishwa kwa saa tatu. Umeme wa Songea umekuwa wa uhakika zaidi tangu mji ulipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli, lakini ni busara kurekodi mkanda kwa vipande vya nusu saa ili hitilafu moja isipoteze kazi ya mchana kutwa. Video ikinaswa kwa muundo wa DV, kila saa huchukua takribani gigabaiti 13. Faili hilo kubwa ndilo nakala mama. Lisihaririwe wala kubanwa.

Programu ya kuhariri huchaguliwa kwa kuangalia kompyuta iliyopo, kwa kuwa kazi yenyewe ni ndogo: kukata sehemu tupu, kurekebisha sauti na kuandika majina. Kwa kompyuta ya kawaida, Shotcut au Kdenlive zinafaa. Ni za bure na haziweki chapa juu ya picha. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa zaidi wa kurekebisha rangi, ila huelemea kompyuta dhaifu. Wanaoikumbuka Movie Maker wajue kuwa watengenezaji wake waliacha kuitoa mwaka 2017. Iwe ipi, programu iwe na uwezo wa kuondoa mistari inayopishana. Picha za kanda ziliandikwa nusu nusu, na zikioneshwa kwenye simu bila marekebisho hayo, mtu anayetembea huonekana na kingo kama meno ya kitana.

Ndipo ije diski. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, yaani video iliyobanwa ya takribani saa mbili kwa ubora unaoridhisha, na programu ya bure ya DVDStyler hutosha kuiandaa ichezwe kwenye deki ya DVD. Ni zawadi nzuri kwa shangazi na wajomba, lakini si ghala. Rangi inayobeba taarifa ndani ya diski za kuchoma hufifia kwa joto na mwanga, na kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina tena sehemu ya kuingizia diski. Nakala mama zikae kwenye diski mbili za nje za kompyuta, moja kwa mwenye nyumba na nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Kila faili lipewe jina lenye mwaka, tukio na mahali. Wazee waketishwe wautazame mkanda na kutaja majina ya wanaoonekana, huku simu ikirekodi sauti zao. Kazi hii haifai kuahirishwa. Anayetaka kuiweka video mtandaoni awaombe ridhaa wanaoonekana, na akumbuke kuwa muziki wa harusi una wenyewe chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Mkanda wa asili usitupwe baada ya kuhamishwa. Uzungushwe hadi mwanzo, urudishwe kwenye kasha lake, na usimamishwe wima kama kitabu mahali pakavu, mbali na spika na jua.