Baba Yuko Safarini

Kama unaishi Mikumi, jambo hili hukufundishwa na mwalimu. Jua likishazama, malori yanaanza kujipanga kando ya barabara kuu ya TANZAM. Mengine yametoka bandarini Dar es Salaam, yanakwenda Tunduma, halafu Zambia hadi Kongo. Mengine yanashuka na shaba. Dereva anateremka, ananyoosha mgongo, anamtuma utingo kwa mama lishe, na mji mzima unaanza kuhesabu biashara ya usiku huo.

Hebu jiulize: yule dereva ana watoto wangapi, na saa hizi wako wapi?

Sisi tunaopita mashuleni kuzungumza juu ya afya tunaulizwa maswali mengi kuhusu VVU, tena kwa sauti. Lakini kuna swali ambalo huja kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Baba anasafiri, tunamkumbuka sana. Mbona akirudi nyumba nzima inakuwa na ugomvi? Swali hilo linastahili jibu.

Wilaya ya Kilosa inajua habari za watu wanaoishi mbali na kwao. Enzi za Waingereza mashamba ya mkonge ya huku yalitegemea manamba, vibarua walioandikwa mkataba makwao, wakapewa namba, wakaletwa na kuacha wake na watoto nyuma. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata ofisi maalum ya kuwakusanya kutoka mbali, iliyoitwa SILABU. Wengine walirudi kwao. Wengine hawakurudi, na wajukuu zao ndio mnaokaa nao dawati moja. Baada ya mkonge ikawa reli, na juzi juzi ujenzi wa SGR ukaleta vibarua kutoka kila pembe ya nchi.

Mabaharia na ugomvi wa begi

Waliochunguzwa vizuri juu ya mambo haya ni wanamaji, yaani askari wa majini. Meli ya kivita ikishaondoka inaweza kukaa miezi sita au zaidi, na mtu hawezi kuomba ruhusa akashuka katikati ya bahari eti mtoto anaumwa. Mwaka 1987, Kathleen Vestal Logan aliandika katika jarida la mambo ya bahari la Marekani juu ya wake za wanamaji wa nchi hiyo. Alionyesha kwamba utengano una hatua saba, na kwamba hatua hizo huanza kabla meli haijang'oa nanga.

Kwanza mtu anakosa raha, analia kwa jambo dogo. Kisha, siku za mwisho, unakuja ugomvi. Chumvi imezidi, begi halijafungwa vizuri, kila kitu ni kosa. Kumbe kuachana na mtu uliyemkasirikia ni rahisi kuliko kuachana na mtu unayempenda, basi moyo unajitafutia hasira. Kama nyumbani kwenu usiku wa kuamkia safari huwa na kelele, huenda si kwamba wazazi hawapendani.

Akishaondoka, wiki za mwanzo ni za kuvurugika. Usingizi haupatikani, kazi hazishikiki. Polepole mambo yanatulia: mama anaamua mwenyewe mambo ya ada na ya paa linalovuja, na mtoto wa kwanza anaanza kusikilizwa kama mtu mzima. Halafu zinafika habari kwamba anarudi. Furaha na wasiwasi vinakuja pamoja.

Baba anaingia na kukuta nyumba inakwenda bila yeye. Anauliza nani aliruhusu mbuzi auzwe, nani alimruhusu dada asuke. Hapa ndipo ilipo hatua ngumu, ya kupatana upya nani anaamua nini. Wake wa wanamaji walihitaji wiki kadhaa kabla ya kufika hatua ya saba, ya kuzoeana tena. Sasa mfikirie dereva wa Tunduma, anayekaa nyumbani siku tatu au nne kisha anapigiwa simu mzigo uko tayari. Kwa maoni yangu huyu ana taabu kuliko baharia. Familia yake inafika kwenye ugomvi wa kurudi, na kabla haijaumaliza unaanza ugomvi wa kuondoka.

Mabaharia wa meli za mizigo angalau wamewekewa kikomo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unataka baharia asikae melini miezi 12 mfululizo bila kurudishwa kwao. Hata hivyo mwaka 2020, wakati wa Korona, nchi nyingi zilifunga mipaka na mabaharia wapatao 400,000 wakakwama melini ingawa mikataba yao ilikuwa imekwisha.

Upande wa pili wa barabara

Watu wana mzaha wa zamani kwamba baharia ana mke kila bandari. Siku hizi mtaani neno "baharia" limekuwa sifa ya kijana mjanja wa mambo hayo. Mimi sicheki sana. Mtu aliyelala wiki mbili ndani ya kichwa cha lori, aliyesubiri siku kadhaa foleni ya mpakani, ana upweke wa kweli, ana pesa mfukoni, na hakuna anayemfahamu. Si mtu mbaya kwa sababu hiyo. Lakini upweke wake usikufanye wewe mwanafunzi uwe dawa yake.

Dada, tuzungumze wazi. Lifti ya kwenda shule, chipsi, vocha, simu, vyote vina bei, na bei yenyewe hutajwa baadaye. Mwanamume wa miaka 40 akishakulipia, utamwambiaje avae kondomu? Kibaiolojia pia msichana ambaye mwili wake haujakomaa huambukizwa kwa urahisi zaidi. Na sheria ya mwaka 1998 inasema kufanya mapenzi na msichana ambaye hajatimiza miaka 18 ni ubakaji, hata kama alikubali. Anayempa mwanafunzi mimba anaweza kufungwa miaka 30. Wapo wanaosema ni msichana aliyejipeleka. Hapana. Mtu mzima ndiye mwenye dhambi hiyo.

Kaka, usidhani wewe umesalimika. Utingo wengi ni vijana waliotoka shule juzi tu, na wanajifunza maisha ya barabarani kwa kumtazama dereva.

Barabara hii ikitoka Mikumi inapita mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 15 na zaidi nchini, asilimia 4.4 wana VVU. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Madereva si sababu pekee ya tarakimu hizo, na si haki kuwabebesha zote. Ila tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, AMREF ilipokwenda kwenye vituo vya malori vya barabara kuu na waelimishaji rika na kondomu, ilieleweka kwamba kuelimisha vijijini na kuiacha barabara hakutoshi.

Akirudi

Mume aliyetoka safari ndefu na mke aliyebaki wakienda kupima pamoja, si lazima iwe tuhuma. Mama naye ni binadamu, na yeye pia alikuwa peke yake. Kipimo ni cha bure kwenye vituo vya serikali. Maambukizi mapya kabisa huweza yasionekane, kwa hiyo watapewa tarehe ya kurudia, na hadi hapo watumie kondomu. Mwenye virusi akimeza dawa kila siku mpaka virusi vikawa vichache kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Habari hii hatukuwa nayo miaka ya 1990, na imeokoa ndoa nyingi za watu wa safari.

Wewe mwenyewe, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, ukiwa na miaka 15 unaweza kupima bila kusindikizwa na mzazi. Ukiwa umebakwa, au kondomu imepasuka, usisubiri asubuhi ya Jumatatu: kuna dawa za kuzuia maambukizi, lakini lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na zikiwahi ndiyo vizuri zaidi. Nenda Hospitali ya Wilaya Kilosa au kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Kwa siku za kawaida, simu inasaidia kama ina saa yake. Mkubaliane siku na saa ambayo baba hayuko kwenye usukani. Wengi humpigia pale tu pesa zinapokwisha, halafu wanashangaa hapokei. Mwambie mambo madogo: kuku ametotoa, umepata 34 ya hesabu, bomba la shule limekauka. Akikuta habari hizo anazijua, hatarudi kama mgeni. Na kama umefanywa baba wa nyumba wakati hayupo, mpaka unakosa vipindi, mweleze mama au mwalimu wa malezi mapema. Kuchota maji ni kusaidia. Kuacha shule ili ulinde duka ni kitu kingine.

Ikiwa huna mtu wa kumwambia, au nyumbani kuna kipigo kila baba anaporudi, piga 116. Ni simu ya watoto, haina malipo, na hupokelewa usiku na mchana.