Zege Chini, Paa Juu: Hesabu ya Ukumbi wa Nje

Mwenye mgahawa wa Dar es Salaam akitaka kuongeza viti, mara nyingi hajengi chumba, anasakafia ua. Anamwaga zege, anainua paa, anapanga meza. Kazi hiyo inalisha wauza saruji na kokoto, mafundi, wachomeleaji, na wasukaji wa makuti. Ajabu ni kwamba ubishi wa bei karibu wote huishia kwenye saruji.

Chukua ua wa mita 6 kwa 5. Jamvi la unene wa sentimita 10 linakula mita 3 za ujazo za zege. Kwa uwiano wa 1:2:4 ni kama mifuko 20 ya kilo 50. Ukipunguziwa shilingi 1,000 kwa mfuko, umeokoa 20,000, bei ya sahani chache tu.

Fedha ziko juu. Makuti yana ubaridi na watalii wanayapenda, ila huoza, yanadai kuezekwa upya, na cheche moja inatosha kuyamaliza. Bati linadumu, lakini mchana wa Januari linawaoka walio chini yake, na mvua ikishika hawasikilizani. Uchague lolote, chagua kabla ya zege, maana nguzo zinataka misingi yake na nyaya zinataka mabomba yake. Anayetanguliza jamvi hulitoboa baadaye na kumlipa fundi mara ya pili.

Sakafu nayo ishuke sentimita 1 hadi 2 kila mita, maji yakimbie jengo. Kumwagilia zege kwa siku 7 aghalabu hakumo katika bei ya fundi. Yeye kashalipwa, kaondoka, na tajiri anataka kufungua Ijumaa.

Meza ya watu wanne, pamoja na njia ya mhudumu, inachukua kama mita 5 za mraba. Ua wetu basi ni meza 6, wateja 24. Bila paa, masika ya Machi hadi Mei yanawafukuza wote.

Jiko la nyama choma lisikae chini ya makuti. Lipewe kibanda chake cha bati, na liwe magharibi ya meza: kusi na kaskazi zote hutokea mashariki. Waliolijenga kaskazini mwezi wa Julai huona moshi ukiwarudia wateja Desemba, msimu wenyewe wa mauzo.