Ekspere wa asiransi anafanyia nani kazi?

Depo ya koperative ikiingia maji, mtu wa kwanza kufika na mita mkononi ni ekspere wa kampuni ya asiransi. Anasalimia vizuri, anapima ukuta, anahesabu mifuko, anaenda. Wanachama wengi wanazani yeye ni kama juji. Hapana. Kampuni ndiyo inamulipa, na hesabu yake ni ya upande mumoja. Koperative nayo inaweza kutafuta ekspere wake, ule mwenye kupima hasara kwa faida ya mwenye alilipa asiransi, ili hesabu mbili ziwekwe kwenye meza moja.

Hapa kwetu jambo hili si la mbali. Uvira waliona Mulongwe ikitoka njiani mwake mwezi wa aprili 2020; Kalehe, tarehe 4 mei 2023, maji ilibeba Bushushu na Nyamukubi na kuua mamia ya watu. Na tangu sheria ya 17 marsi 2015 kuondoa monopoli ya SONAS, kampuni zingine pia zinauzisha asiransi. Mukiweka saini, uliza kwanza: upepo ukibeba manjanja, wanalipa? Mto ukiingia kupitia mlango, je? Mara nyingi hayo ni mambo mawili tofauti katika mkataba, na kama mafuriko haimo, hakuna ekspere atakayeiingiza.

Sasa, mahindi iliyolowa haingoje mtu. Kwa siku chache tu kuvu inapanda, na sumu yake haitoki hata ukianika (tafazali, musiipatie kuku). Kwa hiyo siku ile ile: andikieni kampuni na mubakie na kopi yenye muhuri wao. Chora kwa makaa pale maji ilifika ukutani. Piga picha mbele ya kusogeza kitu. Pima kilo ya mifuko iliyoharibika, wanachama wawili na chefu wa lokalite waweke saini, kisha mutenge mifuko michache kama ushahidi. Fishi ya stoki na fagitire za simenti, kama zilikuwa ndani ya depo ile ile, zimekwisha; fotokopi zilale kwa nyumba ya mtunza-hazina. Bila karatasi hizi, ekspere wenu atakuja kukisia tu.

Malipo ndipo koperative zinaumia. Ekspere wa namna hii kwa kawaida anaomba asilimia. Tuseme kampuni imekubali dola 4 000, ekspere wenu anapandisha mpaka 7 000. Asilimia 10 juu ya yote ni dola 700; juu ya ile aliyoongeza, ni 300 tu. Iandikwe wazi ni ipi. Kule Florida, Marekani, ambako kazi hii ni ya zamani, sheria haimuruhusu kupita asilimia 10 katika mwaka wa kwanza kisha guvernere kutangaza hali ya dharura. Anayewaomba 30 mumurudishe kwao.

Kwa manjanja tano zilizoruka, mimi singemuita. Hasara ni ndogo kuliko kazi yake. Kwa depo nzima, ndiyo. Ulizeni ARCA, inayosimamia asiransi nchini, kama anajulikana. Musimupe avansi kubwa, na feza ya kampuni ipite kwenye konti ya koperative, hapana kwenye simu yake.