Taa Inayojiwasha Yenyewe: Jinsi ya Kuiweka na Kutafuta Kasoro

Kikundi kimoja cha akina mama wafugaji wa kuku kilichanga pesa pole pole mpaka kikanunua sola: paneli moja, betri moja, kontrola na taa tano. Nne zilikuwa za ndani. Ya tano iliwekwa nje ya banda la kuku, na hii ilitegwa ijiwashe yenyewe jioni na kujizima asubuhi. Wezi walihama na kila mtu akafurahi.

Baada ya miezi michache taa ya nje ikaanza kuzima saa nne usiku. Halafu ikawa saa mbili. Mwishowe haikuwaka kabisa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee wa kulinda anachaji simu za vijana usiku na kulipwa. Mkutano ukaitwa.

"Mzee, tuambie ukweli," mwenyekiti akasema. "Unachaji simu za watu?"

"Mama mwenyekiti, simu yangu ni ile ya tochi, naichaji mara moja kwa wiki. Lakini kuna jambo niliwaambia hamkusikia. Hiyo taa siku hizi inawaka hata mchana."

Fundi alipoitwa, maneno hayo ya mzee ndiyo aliyoyashika. Akapanda juu ya paa na kuufuata waya wa paneli. Chini ya bati akakuta panya ameutafuna. Nyuzi za shaba zilikuwa kijani kwa kutu, siku nyingine zinagusana, siku nyingine haziguşani. Mzee hakuwa na kosa lolote. Lakini betri ilikuwa imekaa tupu kwa wiki nyingi na haikushika chaji tena. Waya wa pesa kidogo uliua betri ya pesa nyingi, na karibu uvunje jina la mtu.

Vikundi vingi sasa vina taa za namna hii. Kwa hivyo katika ukurasa huu tunaeleza zinavyofanya kazi, jinsi ya kuziweka, na mahali pa kuangalia kwanza zinapokataa.

TAA INAJUAJE KWAMBA NI USIKU?

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kupitia paneli yenyewe. Kontrola hupima volti zinazotoka kwenye paneli. Jua likiwa juu volti ni nyingi. Jua likitua volti hushuka, kontrola inasema "sasa ni usiku," na inawasha taa. Hapa ndipo penye siri ya kile kisa cha mzee. Waya wa paneli ukikatika, kontrola haioni volti hata saa sita mchana. Inafikiri ni usiku, na inawasha taa. Taa inakula betri mchana na usiku, na hakuna kinachorudishwa.

Ya pili ni jicho dogo la mwanga lililo kwenye taa au kando yake. Likiona giza linawasha.

Ya tatu ni jicho linaloona mtu akipita. Hili huhisi joto la mwili linalotembea. Taa inawaka kwa dakika moja au mbili, halafu inazima. Hii hula chaji kidogo sana, lakini ng'ombe, mbwa na mbuzi pia wana joto. Usilielekeze kwenye njia ya mifugo.

Sisi wa Kenya tuna bahati moja. Ikweta inapita katika nchi yetu, na usiku ni karibu saa 12 mwaka mzima. Ukishatega taa yako vizuri, huna haja ya kubadilisha kila msimu kama watu wa Ulaya.

HESABU KWANZA, DUKA BAADAYE

Taa za sola si jambo geni kwetu. Shule ya upili ya Karamugi Harambee kule Meru iliwekewa taa hizi mwaka wa 1984, ikiwa miongoni mwa shule za kwanza. Tangu wakati huo mpaka leo, kosa kubwa ni lile lile: watu wananunua kabla ya kupiga hesabu.

Chukua wati za taa, zidisha kwa saa itakazowaka. Kwa mfano:

Taa 4 za ndani, wati 5 kila moja, saa 5: 4 x 5 x 5 = 100
Taa 1 ya nje, wati 5, saa 12: 5 x 12 = 60
Kuchaji simu mbili: kama 20
Jumla kwa siku: 180

Angalia vizuri. Ile taa moja ya nje inakula zaidi ya nusu ya taa nne za ndani, kwa sababu inawaka usiku kucha.

Sasa betri. Betri ya volti 12 na ampea 50 ina 12 x 50 = 600. Lakini betri ya risasi na asidi haitaki kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo inazeeka upesi. Kwa hivyo una 300 za kutumia. Zinatosha usiku mmoja, na akiba kidogo ya siku ya mawingu. Betri ya gari si nzuri kwa kazi hii. Imetengenezwa kupiga stata kwa nguvu mara moja, si kutoa moto kidogo kidogo usiku kucha.

Paneli je? Tuseme jua kali la saa 4 kwa siku, na sehemu moja kati ya tatu inapotea njiani. Ukitaka 180, paneli ya wati 60 haifiki. Nunua ya wati 80. Kontrola ya ampea 10 inatosha.

KUWEKA, HATUA KWA HATUA

1. Paneli iwekwe mahali pasipo kivuli kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kivuli cha tawi moja tu kinaweza kupunguza nguvu yake sana. Ipe mteremko kidogo ili mvua ioshe vumbi. Acha nafasi ya upepo kati yake na mabati, kwa maana paneli ikipata joto sana hutoa nguvu kidogo.

2. Usinunue waya mwembamba kwa sababu ni rahisi. Volti 12 ni chache na zinapotea njiani. Waya wa milimita 1 wenye urefu wa mita 10, ukipitisha ampea 2, unapoteza karibu volti 0.7. Waya wa milimita 2.5 unapoteza chini ya 0.3. Kutoka paneli mpaka kontrola tumia 2.5 au 4.

3. Pitisha waya ndani ya paipu, hasa chini ya mabati na penye panya.

4. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Kwa mfano wetu fyuzi ya ampea 10 inafaa.

5. Unga kwa utaratibu huu: betri kwanza, halafu paneli, mwisho taa. Kontrola inapaswa kuijua betri kabla ya kuonja nguvu ya paneli. Wakati wa kufungua, geuza: taa kwanza, paneli, mwisho betri. Kabla ya kukaza kila skrubu hakikisha chanya iko kwa chanya na hasi kwa hasi.

6. Taa ziwe za volti 12 za sola. Balbu ya stima ya kawaida haitafanya kazi hapa.

7. Ikiwa betri ni ya lithiamu, kontrola lazima iwe inayokubali lithiamu, na uiambie hivyo wakati wa kuitega.

KUTEGA SAA

Kontrola nyingi za bei nafuu zenye kioo kidogo huonyesha namba na herufi H. Kwa kawaida maana yake ni hii:

24H – moto upo mchana na usiku, wewe mwenyewe unawasha kwa swichi.
0H – taa inawaka jua likitua na kuzima alfajiri.
1H mpaka 23H – taa inawaka jua likitua, na kuzima baada ya saa hizo. Ukiweka 5H, itazima kama saa tano na nusu usiku.

Soma karatasi iliyokuja na yako, maana si zote ni sawa. Pia kumbuka kwamba kontrola ndogo ina mlango mmoja tu wa taa. Ukiweka 0H, taa zote zilizo kwenye mlango huo zitafuata, pamoja na za ndani. Ndiyo maana mtu hulalamika, "Taa ya jikoni haiwaki mchana." Haijaharibika, imetegwa. Ukitaka ya nje peke yake ijiwashe, acha kontrola kwenye 24H na ununue taa ya nje yenye jicho lake.

Kujaribu mchana ni rahisi. Funika paneli kwa blanketi nzito, au funika jicho kwa kitambaa cheusi. Usiwe na haraka. Kontrola nyingi husubiri dakika kadhaa ili zisidanganywe na wingu linalopita.

KASORO NA DAWA YAKE

Taa inawaka mchana. Angalia waya wa paneli kutoka mwanzo mpaka mwisho. Pima volti pale waya wa paneli unapoingia kwenye kontrola. Ukiufungua wakati wa jua, paneli ya volti 12 hutoa kati ya 18 na 22. Ukipata sifuri, waya umekatika au umeachana. Kama taa ina jicho lake, lifute: vumbi na utando wa buibui ni giza kwake.

Taa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Jicho linaona mwanga wa taa yenyewe, au mwanga unaorudishwa na ukuta mweupe. Linafikiri kumekucha, linazima. Giza linarudi, linawasha. Geuza jicho liangalie kando au liwekee kingo.

Taa inazima kabla ya asubuhi. Kontrola inaikinga betri isiishe kabisa. Uliza: je, tumeongeza mzigo? Je, paneli ina vumbi au mti umekua? Je, betri imezeeka? Fanya kipimo cha chini.

Taa ni hafifu mbali, lakini nzuri karibu. Waya ni mwembamba, au kiungo kimelegea. Kiungo kinachopata joto mkononi ni kibovu.

Hakuna chochote kinachowaka. Anza na fyuzi. Ikiwa imeungua, tafuta shoti kabla ya kuweka nyingine. Usiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi, hata kwa usiku mmoja. Nyumba imechomeka kwa hilo.

Kipimo cha betri ya risasi. Iache ipumzike saa chache bila kuchaji na bila kutumika, halafu pima. Volti 12.7 imejaa. Volti 12.2 ni nusu. Chini ya 11.9 iko karibu tupu, usiilaze hivyo. Betri ya lithiamu haipimwi hivi, kwa sababu volti zake hukaa karibu 13 muda mrefu halafu huanguka ghafla.

DAFTARI LA TAA

Nunueni daftari la kurasa chache na mlitundike karibu na kontrola. Kila Jumamosi mtu mmoja aandike tarehe, volti za asubuhi, na jambo lolote aliloona. Asubuhi moja kwa wiki apite nje saa tatu kuona kama taa imezima. Kila mwezi paneli ifutwe kwa maji na kitambaa, asubuhi ikiwa bado baridi, na vichwa vya betri visafishwe na kupakwa vaselini. Betri yenye vifuniko iongezwe maji ya betri tu, si maji ya mto.

Kile kikundi cha kuku kingekuwa na daftari, kingeona volti zikishuka katika wiki ya kwanza. Kingeshona waya na kuokoa betri.

TAHADHARI

Betri ya risasi inayochaji hutoa hewa inayoweza kulipuka. Iwekwe mahali penye upepo, mbali na jiko, sigara na watoto. Vua pete na saa kabla ya kushika spana. Spana ikigusa vichwa vyote viwili pamoja hutoa cheche kubwa na kuchoma mkono. Asidi ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi mara moja, na ikiwa ni jichoni apelekwe hospitali.

Kazi ya kuunga sola ina leseni yake. Kabla ya kumpa fundi pesa za kikundi, mwambie awaonyeshe leseni ya EPRA. Fundi mwema hatakasirika. Na anapofanya kazi, vijana wawili wa kikundi wasimame naye na waulize maswali, ili maarifa yabaki kijijini yeye akiondoka.

Akina mama wale walimwomba mzee msamaha mbele ya watu. Sasa daftari liko mikononi mwake, na ndiye anayeandika volti.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taa zetu zote zinakula kiasi gani kwa siku? Betri yetu inatosha?
2. Kontrola yetu imetegwa namba gani, na ni nani kati yetu anajua maana yake?
3. Fyuzi iko wapi? Tuna nyingine ya akiba?
4. Kitu cha kikundi kikiharibika, tunaanza kwa kupima au kwa kulaumu mtu?